Nimeuza khanga miaka 19, sasa sizioni tena

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, na nina duka la khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru, upande wa Kariakoo. Si duka la kutisha. Ni frem moja, kaunta, ngazi ya kupandia rafu za juu, na kiti cha plastiki nilichokikalia mpaka kimechukua umbo langu. Nilianza kuuza hapo nikiwa na miaka 24. Hesabu unaweza kuipiga mwenyewe.

Najua wapo wanaokuandikia kwa kuwa wamepigwa au wamedhulumiwa nyumba, nami naja na hili langu dogo. Lakini linaninyima usingizi, kwa hiyo nivumilie.

Mwezi wa Julai dada yangu anayeishi Maskati alimleta binti yake wa miaka 15 akae kwangu wiki sita, maana wakati huo kwao joto halina mfano na shule zimefungwa. Mtoto kazaliwa huko huko, ila Kiswahili anacho, tena cha Unguja, kizuri kuliko cha wanangu wa Buguruni. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Sikujua nimekaribisha polisi wa maswali.

Asubuhi ya kwanza tukiwa kwenye daladala akaniuliza: "Mama mdogo, kwa nini saa ya huku inaanza kukipambazuka? Simu inaonyesha saba, kondakta anasema saa moja. Mama nyumbani naye husema hivyo hivyo, nilidhani ni mambo yake tu." Nikamwambia ndivyo ilivyo. Tukafika Kariakoo, tukakatiza karibu na Soko Kuu. Akasimama katikati ya njia. Nyuma yetu kuli na toroli lake anapiga kelele tupishe, mtoto kainua shingo anatazama paa. "Nani aliyefikiria kujenga miavuli kichwa chini?" Nikamvuta mkono: "Twende, utaibiwa simu." Shangazi, ninapita pale miaka yote hii. Siku ile ndiyo niligundua kwamba lile paa sijawahi kulitazama. Nikiulizwa nilichore, nitachora bati.

Dukani ndiko alikonimaliza. Alikuwa anasoma majina ya khanga kwa sauti, moja moja, kama anasoma gazeti. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." "Japo sipati tamaa sikati." "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mawinga wa nje wakawa wanacheka, wakaanza kujibizana naye. Mimi khanga zangu nazijua kwa rangi na kwa bei: ile ya kijani ya jumla, ile nyekundu inayosuasua. Maandishi niliacha kuyasoma sijui lini.

Siku moja akaingia mama mtu mzima. Nikamwuliza kama kawaida, "Rangi gani, mama?" Binti akanikatiza kwa adabu zake: "Bibi, unampelekea nani? Una neno gani naye?" Yule mama akacheka, akavuta stuli, akakaa. Akaeleza habari za mkwewe, walivyonuniana tangu harusi ya mdogo wao, jinsi asivyojua aanzie wapi. Wakachambua rafu nzima. Aliondoka na doti tatu. Mimi ningemuuzia moja.

Jioni hiyo, tukikunja mzigo, akaniuliza, "Na wewe, mama mdogo, yako ipi?" Nikakosa jibu. Nashinda na madera. Tangu nimefungua duka sijawahi kujichagulia khanga hata moja kwa ajili ya maneno yake. Niliingia nyuma nikajifanya natafuta kamba.

Ameondoka Agosti. Wateja wanakuja wananiuliza, "Yule binti yuko wapi?" na mimi moyoni naona wivu, wivu wa mtoto wa dada yangu! Tangu hapo duka limegeuka jivu. Rafu zile zile, vumbi lile lile, "tupishe" ile ile. Kikoba chetu kimevunjwa, nimepata shilingi milioni nne na laki mbili. Nataka nirudishe frem, niende Mwanza nikaanze biashara ya vipodozi, nione kitu kipya kabla sijafa. Mume wangu anasema ni umri tu, ninywe maji nilale.

Naomba uniambie ukweli. Nimeichoka Kariakoo, au ni mimi mwenyewe ndiye nimeharibika?

Mama Doti, Buguruni

*

Marahaba, mwanangu Mama Doti.

Tuanze na fedha, maana zina tabia ya kuondoka kabla ya akili kufika. Hiyo milioni nne na laki mbili iache ilipo. Sikukatazi Mwanza, mji mzuri. Ila mwenyeji wa Mwanza anapita mbele ya Jiwe la Bismarck kila asubuhi akiwa anatafuta chenji ya nauli. Ziwa lote lile, kwake ni upande unaotoka upepo. Na wewe ukifika, mwezi wa kwanza utapiga picha, wa pili utauliza bei ya frem ya jirani, wa tatu utakuwa umepata kiti cha plastiki kingine kinachochukua umbo lako. Ukitaka kwenda, nenda wiki mbili, utembee, urudi. Uamuzi wa kuhama uje baadaye.

Sasa swali lako. Hujaharibika. Nilifundisha baiolojia miaka 31, kwa hiyo niruhusu nikurudishe darasani kidogo. Chukua karatasi nyeupe. Katikati weka nukta ya kalamu. Pembeni yake, mbali kidogo, sugua penseli kwa wepesi sana, kivuli tu. Halafu kazia macho ile nukta, usihame, usipepese. Baada ya sekunde chache kile kivuli cha pembeni kitafifia, kitatoweka kabisa, na karatasi itaonekana safi. Daktari mmoja wa Uswisi, Troxler, aliliandika jambo hili mwaka 1804. Jicho halikuumwa, wala kivuli hakijafutika. Kitu kisichobadilika mwili unaacha kukitolea taarifa, kama unavyoacha kuihisi nguo uliyovaa, au kama kila nyumba ilivyo na harufu yake ambayo mgeni anaipata mlangoni na mwenye nyumba haijui.

Sasa sogeza jicho kidogo tu. Kivuli kinarudi. Hapo ndipo ninapotaka uangalie, kwa sababu wewe unafikiri ili kivuli kirudi lazima ununue karatasi nyingine, tena ya Mwanza. Jicho lenyewe muda wote linatetemeka vitetemo vidogo sana ambavyo hatuvihisi. Wataalamu waliposhikilia picha isihame kabisa kwenye jicho, picha ikafutika. Tunaona kwa sababu ya kusogea huko kudogo.

Na usidhani nakusema kutoka juu. Shule yangu ya mwisho ilikuwa na mbuyu nyuma ya madarasa. Miaka tisa nilifundisha uchavushaji kwa kuchora ua kwenye ubao, nyuki wangu wa chaki upande mmoja, mishale kila mahali. Siku moja mvulana wa bweni, wale wanaotoroka usiku kwenda kununua chipsi, akaniambia, "Mwalimu, ule mbuyu unachanua usiku, na popo wanaingia kwenye maua." Nikamkemea kwa kutoroka. Kisha jioni nikaenda mwenyewe na tochi. Mwanangu, ua la mbuyu hufunguka magharibi ikiingia, jeupe, kubwa kama kiganja, lina harufu isiyopendeza, na kazi yake kubwa ni ya usiku ule mmoja. Popo walikuwa wanachavusha juu ya kichwa changu huku mimi nachora nyuki. Asubuhi nilikuwa nakanyaga yale maua yaliyoanguka nikielekea kuita majina. Nilidhani ni uchafu, nikawa nawapa wachelewaji adhabu ya kuyafagia.

Kwa hiyo aibu yako naijua. Lakini hapa nataka nikutetee kidogo mbele ya huyo binti. Yeye alisimama katikati ya njia akatazama paa kwa sababu hakuwa na shughuli Kariakoo. Halipi kodi ya frem, hasubiri mzigo, haogopi vibaka. Mgeni anaona sana kwa kuwa hana kazi ya kufanya na macho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wewe umepona nusu, hiyo nusu ya pili ndiyo inayokuuma. Tena nina hakika ukimwuliza ni nini kinaonekana dirishani kwao Maskati, atakujibu "hakuna kitu". Jaribu. Muulize kwa WhatsApp kila wiki swali moja la huko, naye akuulize moja la huku. Asikwambie "ndivyo ilivyo", na wewe usimwambie hivyo tena.

Kwa kuanzia, yale aliyokuuliza nakupa majibu umpelekee.

La saa ni zuri kuliko alivyodhani. Saa yetu inahesabu kutoka jua linapochomoza, na inaweza kufanya hivyo kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Dar es Salaam, mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa vinatofautiana kwa muda usiofika saa nzima. Kwao Maskati tofauti inakaribia saa tatu. Mwambie aijaribu saa ya mama yake huko mwezi Desemba na mwezi Juni, aone itakavyomkimbia. Ile saa moja anayoitaja kondakta wako imetoshea hapa.

La paa. Soko lile alilichora Mtanzania, Beda Amuli, na lilijengwa miaka ya 1970. Fikiria gulio la kijijini, watu wamepanga nyanya na mihogo chini ya miti. Yeye aliipanda miti hiyo kwa zege: nguzo ni shina, na juu kila mwavuli umefunguka kuelekea mbinguni ili upokee maji ya mvua na kuyateremsha. Binti aliuliza vizuri sana, ni miavuli kichwa chini, na kuna sababu. Moto wa Julai 2021 naamini unaukumbuka kuliko mimi, pengine ulikuwepo. Siku ile tuliangalia moshi, na baadaye tukahesabu hasara. Paa tukalisahau tena.

Hakukuuliza jina lenyewe la mahali, basi na wewe mtangulie. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliweka hapo kambi ya wapagazi wao, kile kikosi walichokiita Carrier Corps. Midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo. Wapagazi waliokufa katika vita vile Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, watu waliobeba mizigo ya wengine vichwani. Ukisikia "tupishe" kesho, geuka umtazame anayesukuma toroli. Mimi tangu nilipoelezwa habari hii siwezi tena kumfokea.

Haya, tuje kwenye khanga zako, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Unajua bila shaka kwamba khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Je, unajua kwamba leso, kama watu wa Mombasa wanavyoiita hadi leo, ni neno la Kireno la kitambaa cha mkononi? Wanawake wa pwani, karne ya 19, walinunua vitambaa vile vikiwa bado havijakatwa, wakaunga vipande pamoja, sita sita, ili kupata nguo moja pana. Khanga ilianza kama ubunifu wa mteja, wenye maduka wakaufuata. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, na anayetajwa zaidi kwa kuyaeneza ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Kesho panda ngazi yako, uchambue rafu za juu. Zikiwemo khanga za nyumba hiyo, tazama ukingoni, utakuta herufi ndogo: "Mali ya Abdulla". Kama ulikuwa nazo, umekuwa ukizikunja na maneno hayo ndani.

Sasa tazama alichofanya binti kwa yule mama. Hakufanya muujiza, wala hakuleta mtindo wa Maskati. Alirudisha khanga kwenye kazi yake ya asili. Wanawake wamekuwa wakitumia jina la khanga kusema lile ambalo mdomo hauwezi: kwa mkwe, kwa mke mwenza, kwa mume aliyerudi usiku wa manane. Wewe uliacha kuuza neno, ukabaki unauza rangi, na rangi hata mashuka yanayo. Sikulaumu. Asubuhi ya foleni, "rangi gani" ni swali la haraka. Lakini wateja wanapouliza yuko wapi yule binti, sidhani kama wanamtafuta yeye. Wanamtafuta mtu wa kuwauliza wana neno gani. Swali hilo halina umri wala pasipoti, unaweza kuanza nalo Jumatatu, kwa mteja mmoja tu kwa siku, yule anayeingia saa nane duka likiwa kimya.

Jambo lingine utaniona nimechanganyikiwa. Mara moja kwa wiki, mwachie duka mtu unayemwamini kwa nusu saa, uvuke barabara, ukae kwa mama ntilie na chai yako ya rangi, ulitazame duka lako kama mtu anayetaka kununua. Usishike simu. Usihesabu wateja wa jirani, hiyo tena ni kazi. Nakuhakikishia utaona jambo, na huenda la kwanza likawa baya. Huenda ukakuta ile khanga nyekundu inayosuasua umeitundika jua linapopiga na imepauka upande mmoja, ndiyo maana hainunuliki.

Kuhusu wivu sina mengi. Ungekuwa unamchukia ungefurahi ameondoka. Wewe unamkumbuka, na unajikumbuka wewe wa miaka 24. Mpigie.

Kuna jambo moja tu ambalo sitalipamba. Umesema kila kitu kimekuwa jivu na usingizi hakuna. Kama jivu hilo limefika hadi kwa watoto, chakula, ibada, vicheko, na limekaa wiki baada ya wiki, basi hapo si mazoea tena. Nenda hospitali ukamwone daktari, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Na kabla ya hapo nijibu kwa uaminifu: mara ya mwisho kufunga duka siku mbili mfululizo bila msiba ilikuwa lini? Mtu aliyechoka haoni paa hata likimwangukia. Kuna watu watakuambia ushangae maua wakati unachohitaji ni kulala hadi saa tatu. Mume wako katika hilo la kulala hajakosea sana, ingawa angeweza kulisema vizuri zaidi, na angeweza pia kukaa dukani Jumamosi mbili wewe upumzike. Mwambie Shangazi kasema.

Limebaki swali ulilokimbia kwenda kutafuta kamba. Usilijibu leo. Subiri siku duka litulie, vua viatu, panda ngazi uanzie rafu ya juu kabisa, usome zote, hata zile mbovu zenye makosa ya tahajia. Usiangalie rangi, usiangalie ipi inatoka. Utakapoikuta ile inayokufanya usimame, ishushe, ilipie kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote, doti kamili. Moja ujifunge siku hiyo hiyo. Ya pili mpe mtu anayesafiri aipeleke Maskati.

Kisha uniandikie inasemaje.

Shangazi